Muulize Mama Fundi: Barua pepe zisomeke hata mtandao ukikatika

SWALI: Shikamoo Mama Fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari Ukerewe, na ninasoma shahada ya uzamili Chuo Kikuu Huria. Shuleni kwetu mtandao hupatikana chini ya mwembe ulio karibu na tangi la maji, tena alfajiri au usiku watu wakishalala. Msimamizi wangu wa utafiti hunitumia maoni kwa barua pepe, mara nyingi ameambatisha sura nzima aliyoisahihisha. Mimi hufungua Gmail kwa kivinjari kwenye laptopu, nimeunganisha na simu. Wiki mbili zilizopita nilikaa saa nzima na nusu nikimjibu hoja zake kumi na moja. Nilipobofya kutuma, ukurasa ukawa mweupe. Nilipofanikiwa kuufungua tena nikakuta aya mbili za mwanzo tu. Niliumia sana.

Mwenzangu ananiambia ipo programu ya kushusha barua zikakaa kwenye laptopu, ukazisoma na kuzijibu bila mtandao. Ni kweli? Je, hazitaondoka kule Gmail? Haitamaliza bando? Na laptopu hii tunaitumia walimu watatu, hawatasoma barua zangu? Kila mwezi nasafiri kwa meli kutoka Nansio kwenda Mwanza, muda wa saa tatu na zaidi. Ningependa kuutumia muda ule.
Mwalimu, Ukerewe

JIBU: Marahaba, Mwalimu, na pole kwa barua yako. Kabla ya yote, chukua daftari leo hii uziandike upya zile hoja kumi na moja kadiri unavyozikumbuka. Programu tutaiweka wiki ijayo, lakini mawazo hayakai kichwani wiki nzima yakikusubiri.

Ni kweli, programu hiyo ipo, na mimi ninaishi nayo. Ngoja nieleze kwanza kinachotokea, maana ukishakielewa hutahitaji kukariri vitufe.

Unajua sanduku la posta. Unapofungua barua pepe kwa kivinjari ni kama umekwenda posta, umefungua sanduku lako, ukaisoma barua umesimama pale pale, ukairudisha ndani na kufunga. Kesho ukitaka kukumbuka mstari mmoja, ni safari nyingine. Na jibu lako unaliandikia pale pale dirishani, karani akiwa tayari ameshika kufuli. Karani akifunga, karatasi yako imebaki upande wake. Hicho ndicho kilichokupata chini ya mwembe.

Programu ya barua pepe inayokaa kwenye kompyuta yenyewe inakwenda posta, inachukua nakala ya kila barua, inaileta nyumbani. Unasoma ukiwa umeketi. Unajibu kwa nafasi. Ukipata mtandao dakika tano, inakimbia na majibu yako na kurudi na barua mpya. Kuandika kunakuwa kazi moja na kutuma kazi nyingine.

Hili nililijua zamani, kabla ya simu hizi. Mwaka 2003 nilikuwa mhudumu wa intaneti kafe katikati ya Mwanza. Tulikuwa na kompyuta nane zinazogawana laini moja ya dishi la setilaiti, na wateja walilipa kwa nusu saa. Kila siku niliona mtu akilipa, akianza kuandika barua kwa kidole kimoja, nusu saa ikiisha yuko kwenye salamu. Nikaanza kuwaambia: kaa kwanza kwenye ile mashine ya pembeni isiyo na mtandao, andika barua yako yote, isome, kisha njoo tuitume kwa dakika tatu. Mwenye kafe hakufurahi sana, lakini wateja walirudi. Laini zimebadilika tangu wakati huo, nyaya za baharini zimefika pwani yetu, na ushauri wangu ni ule ule.

Nyaya nazo hukatika. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilipokatika kwa pamoja, mtandao ulidorora nchi nzima kwa siku kadhaa. Pale kibandani kwangu Kirumba watu walikuja wakidhani laptopu zao zimeharibika. Mmoja alikuwa na usaili asubuhi, na anuani ya ofisi aliyoitiwa ilikuwa ndani ya barua pepe asiyoweza kuifungua. Tulipiga simu kwa watu wanne mpaka tukaipata ofisi hiyo. Barua zangu mimi zilikuwa zote kwenye mashine yangu.

Programu ninayoipendekeza ni Thunderbird. Inatoka Mozilla, toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2004, ni ya bure, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Kama shule yenu ina Outlook, kanuni nitakazoeleza ni zile zile ila vitufe vimekaa kwingine. Ishushe Thunderbird kutoka tovuti yake yenyewe. Usikubali faili la kupewa kwenye flashi na mtu usiyemjua.

Sasa swali lako la kuondoka kwa barua Gmail. Kuna njia mbili za programu kuchukua barua. Ya kwanza inaitwa POP. Hiyo ilitengenezwa enzi za kupiga simu ya waya ili kuingia mtandaoni: inabeba barua kutoka kwenye sanduku kwenda nyumbani, na isipoelekezwa vinginevyo inaweza kuliacha sanduku tupu. Ya pili inaitwa IMAP, aliyoibuni Mark Crispin pale Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1986. Hii haihamishi kitu. Inatunza nakala mbili, moja kule kwao na moja kwako, na kuhakikisha zinafanana, kama daftari la mkopo la dukani ambapo mwenye duka ana lake na wewe una lako. Chagua IMAP. Thunderbird yenyewe huiweka mbele unapoandika anuani yako, kwa hiyo kazi yako ni kutobadilisha.

Kazi ya mwanzo uje kuifanyia Mwanza, siku uliyoshuka melini, mahali penye Wai-Fai isiyokula bando lako. Usiifanyie chini ya mwembe. Njoo na simu yenye laini yako, kwa sababu Google watataka kuthibitisha kuwa ni wewe. Tangu tarehe 30 Mei 2022, kwa akaunti za kawaida hawakubali tena programu ya nje kuingia kwa neno la siri peke yake. Litafunguka dirisha la Google lenyewe, utaingia humo, utakubali Thunderbird isome barua zako, basi. Kama una akaunti ya Yahoo pia, huko kuna neno la siri maalumu la programu unalolitengeneza kwenye ukurasa wa usalama wa akaunti. Neno lako la kila siku ukiliandika kwenye programu yenyewe halitafanya kazi. Watu wengi huja kwangu wakilia kuwa programu mbovu, kumbe ni hilo tu.

Jambo jingine linaloletwa kwangu mara kwa mara ni saa. Laptopu ya zamani ikiwa betri yake ndogo ya ndani imekufa, kila ikizimwa inarudi tarehe ya miaka iliyopita. Ukiiwasha inasema ni 2012, na seva za barua, yaani kompyuta kuu zinazotunza barua pepe, zinapoonyesha cheti chao cha usalama, mashine yako inaona cheti hicho hakijaanza hata kutumika. Inakataa kuunganisha. Angalia tarehe na saa kwanza, kabla hujagusa kitu kingine.

Akaunti ikishakubali, usiende kunywa chai. Nenda moja kwa moja kwenye mipangilio ya akaunti, ukurasa wa kusawazisha na kuhifadhi. Hapo ndipo penye moyo wa jambo lako lote. Utaona mstari wenye alama ya vema unaosema barua za akaunti hii zitunzwe kwenye kompyuta. Uache hivyo. Chini yake chagua zishushwe za siku 30 za karibuni, au 90 ukipenda, badala ya zote tangu ulipofungua akaunti. Kisha fungua orodha ya folda uchague zipi zishuke. Iondoe ile folda ya Gmail inayokusanya barua zote, kwa sababu ndani yake mna hata matangazo uliyoyaweka kando miaka mitano iliyopita. Bakisha kisanduku pokezi, zilizotumwa na rasimu.

Ningekuwa wewe ningefanya na hili: huko Gmail kwenye kivinjari, tengeneza lebo iitwe Utafiti, na uweke kichujio ili kila barua ya msimamizi wako iingie humo yenyewe. Kwenye Thunderbird itatokea kama folda. Ipe folda hiyo ruhusa ya kushuka kabla ya nyingine zote. Siku mtandao ukiwa wa dakika mbili, unajua cha kuchukua ni Utafiti.

Kwenye ukurasa huo huo kuna tego ambalo nataka ulione kwa macho yako. Sehemu ya chini inazungumzia nafasi ya diski, na ina chaguo la kufuta barua zilizozidi siku kadhaa. Linafanana mno na lile la kushusha barua za siku 30. Mtu aliyechoka anaweza kudhani anachagua zipi zishuke, kumbe anaamuru za zamani zifutwe, na hufutwa hata zile za asili kule kwenye seva. Hakikisha limekaa kwenye kutofuta barua yoyote. Simama hapo, lisome mara mbili, ndipo ufunge.

Tuje kwenye bando. Barua ya maneno matupu ni nyepesi, mia mbili kwa kawaida hazizidi MB chache. Kinacholemea ni viambatisho, navyo huongezeka uzito njiani, kwa sababu faili likiwa ndani ya barua pepe hugeuzwa kuwa herufi na kunenepa kwa takriban theluthi. Sura yenye picha ya MB 6 itasafiri kama MB 8. Ndiyo maana ukikaribia kikomo cha Gmail cha MB 25 kwa barua moja hukataliwa ingawa faili lako linaonekana dogo. Mwombe msimamizi wako, kwa adabu, akutumie sura moja moja na apunguze ukubwa wa picha. Atakubali. Wewe nawe ukimtumia ufanye vivyo hivyo.

Kuna kikomo kingine unachoweza kukiweka pale pale kwenye mipangilio: barua iliyozidi ukubwa fulani isishuke yenyewe. Ukiweka KB 1,000, barua nyepesi zote zitashuka, na nzito zitaonyesha kichwa chake tu mpaka uamue mwenyewe kuzifungua ukiwa na mtandao. Lakini kabla ya safari ya meli kumbuka kuzifungua, la sivyo utafika katikati ya ziwa ukute kichwa cha barua bila mwili. Thunderbird pia haileti picha za matangazo zinazokaa kwenye tovuti za watu mpaka uiruhusu. Usiiruhusu.

Ninavyoona mimi utatumia bando dogo kuliko sasa. Kila ukifungua ukurasa wa Gmail upya kuna mzigo unaoshuka kabla hujaona hata barua moja, na chini ya mwembe unaufungua mara ngapi? Mla bando mkubwa kwenye laptopu za Windows ni masasisho yake yenyewe, yanayoanza kushuka mara tu yanapoona Wai-Fai. Nenda kwenye mipangilio ya Wai-Fai, chagua jina la simu yako, uweke kuwa mtandao huo una kipimo. Masasisho mengi yatangoja. Hili peke yake limeokoa fedha za wateja wangu wengi, na walikuwa wakilaumu barua pepe.

Sasa umo melini. Kwenye kona ya chini kushoto ya Thunderbird kuna alama ndogo ya kuonyesha kama iko mtandaoni. Ibofye ili itoke mtandaoni, hata kama hakuna mtandao wenyewe, vinginevyo itakuwa ikihangaika kila dakika kumi kutafuta seva na kukuletea malalamiko. Kabla hujapanda, kwenye menyu ya faili kuna sehemu ya kufanya kazi nje ya mtandao yenye amri ya kushusha na kusawazisha sasa hivi. Itumie ukiwa bado gatini na subiri imalize. Kisha jaribu: fungua barua tatu, ufungue na viambatisho vyake. Vikifunguka, panda.

Andika majibu yako kama kawaida. Ukimaliza, bonyeza Ctrl, Shift na Enter kwa pamoja, barua itaingia kwenye folda ya zinazosubiri kutumwa, iliyo chini ya folda za ndani. Itakaa humo hata ukizima mashine. Chaji ikiisha katikati ya kuandika usiogope sana, kwa kuwa rasimu hujihifadhi yenyewe kila baada ya dakika chache, lakini mimi bado nina tabia ya kubonyeza Ctrl na S kila mwisho wa aya.

Sehemu inayowaumiza wengi ni kufika. Nikwambie yaliyonikuta. Mwaka mmoja niliandika maombi ya zabuni ya kutengeneza kompyuta za shule moja, nikiwa kwenye basi kutoka Bukoba. Nilifika nyumbani, nikaunganisha mtandao, nikaona barua mpya zinaingia, nikajua na yangu imetoka. Ilikaa kwenye folda ya zinazosubiri siku nne. Nilipogundua, mwisho wa kupokea maombi ulikuwa umepita. Niliuliza kama wangeipokea, wakasema hapana, na walikuwa na haki. Kwa hiyo ukirudi mtandaoni, programu inaweza kukuuliza kama itume zilizosubiri, jibu ndiyo. Isipouliza, bofya folda ile kwa kitufe cha kulia na uamuru zitumwe. Usifunge laptopu mpaka uone folda ya zinazosubiri ni tupu na barua yako imetokea kwenye zilizotumwa. Yote mawili.

Kuhusu walimu wenzako wawili. Thunderbird inaweza kuwekewa neno la siri kuu, lakini hilo linalinda maneno ya siri yaliyohifadhiwa tu. Barua zenyewe zimelala kwenye diski kama mafaili ya kawaida, na anayejua pa kutazama anazisoma. Dawa ni kila mwalimu awe na akaunti yake ya Windows yenye neno lake la siri, na wewe usiwape haki ya usimamizi wa mashine wasiohitaji. Kama laptopu ina uwezo wa kufunga diski kwa msimbo, ifungeni, mkiandika ule ufunguo wa kurejesha kwenye karatasi na kuuweka kwa mkuu wa shule. Ikiibwa, ingia Gmail kwa simu yoyote, ukurasa wa usalama, uondoe ruhusa ya Thunderbird na ubadilishe neno la siri. Mwizi atabaki na barua zilizokwisha kushuka, ndiyo maana nasisitiza kufunga diski.

La mwisho kwako, Mwalimu, na hili naliandika kwa uchungu. Nimesema daftari ni mbili na zinafanana. Maana yake ni kwamba ukifuta barua kwenye laptopu, hata ukiwa katikati ya ziwa bila mtandao, ukifika gatini inafutwa na kule Gmail. Kule hukaa kwenye kapu la takataka siku 30, kisha imekwenda. Na kinyume chake ni hivyo hivyo: ikitoweka kule, kwako nako itatoweka zitakaposawazishwa.

Dada yangu mkubwa aliishi Muleba. Kwa miaka sita tuliandikiana barua pepe, yeye akienda intaneti kafe mara mbili kwa mwezi. Alinieleza kuhusu migomba, kuhusu watoto, kuhusu ugonjwa wake kabla hajamwambia mtu mwingine. Alipofariki sikuweza kuzisoma. Niliifunga ile akaunti moyoni, nikatumia nyingine. Nilipopata nguvu ya kurudi, kampuni ilikuwa imeshafuta kila kitu kwa sababu akaunti haikuguswa muda mrefu. Walituma onyo, kwenye akaunti ile ile nisiyoifungua. Sina hata moja ya barua zake. Kampuni nyingi zina utaratibu wa namna hiyo. Google nao tangu Desemba 2023 wanaweza kufuta akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka miwili, na barua zikiwemo.

Kwa hiyo barua usiyotaka kuipoteza, inakili kwenye folda za ndani za Thunderbird. Zile hazifuati daftari la mtu. Kisha mara moja kwa mwezi funga programu, tafuta folda yenye wasifu wako wa Thunderbird, yaani barua na mipangilio yako, uinakili yote kwenye flashi au diski ya nje. Menyu ya msaada ina ukurasa wa taarifa za utatuzi unaokuonyesha ilipo. Ifunge programu kwanza, maana kunakili mafaili yakiwa yanaandikwa huleta nakala iliyovunjika. Maoni ya msimamizi wako, kuanzia la kwanza mpaka la mwisho, yaweke humo.

SWALI: Mama Fundi, habari za kazi. Nina nyumba ndogo ya wageni Kilindoni, Mafia. Sina kompyuta, barua za wageni nazisoma kwa Gmail kwenye simu. Mtandao ukikata sioni tarehe zao za kufika. Nifanyeje?
Mama wa wageni, Mafia

JIBU: Nzuri, dada yangu. Simu yako tayari inafanya nusu ya kazi. Programu ya Gmail kwenye Android hutunza barua za siku kadhaa za karibuni, kwa kawaida 30. Fungua mipangilio, gusa jina la akaunti yako, tafuta idadi ya siku za kusawazisha, uongeze ziwe 90 kama wageni wako huandika mapema. Viambatisho ni jambo jingine: hushuka vyenyewe ukiwa kwenye Wai-Fai tu, na vile vya karibuni. Kwa hiyo nakala ya pasipoti au tiketi ya boti ikifika, ifungue hapo hapo uihifadhi kwenye simu. Jibu ukiliandika bila mtandao litasubiri na kutoka mtandao ukirudi, ila zima hali ya kuokoa chaji kwanza, maana inaweza kulichelewesha. Tarehe za wageni ziandike pia kwenye kalenda ya ukutani. Mimi ningefanya hivyo hata ningekuwa na mtandao wa kudumu.

SWALI: Shikamoo Mama Fundi. Mimi ni katibu wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kahawa mkoani Kagera. Gmail ya chama imejaa GB 15 na barua mpya hazipokelewi. Wanachama wanataka nifute za zamani, lakini ndimo zilimo kumbukumbu za malipo ya misimu iliyopita. Nikiweka Thunderbird naweza kuzihamishia kwenye kompyuta ya ofisi?
Katibu, Kagera

JIBU: Marahaba, Katibu, na umefanya vema kutofuta. Inawezekana, lakini uende polepole. Zile GB 15 zinagawanywa kati ya barua, Drive (hifadhi ya mafaili ya Google) na picha, kwa hiyo kwanza angalia kama kilichojaza ni video za mkutano mkuu zilizowekwa Drive. Kama ndizo, hamishia hizo kwenye diski ya nje na barua zitaanza kuingia siku hiyo hiyo.

Kama ni barua kweli, tengeneza kwenye folda za ndani folda ya kila msimu. Nakili barua za msimu mmoja, kwa kunakili, usihamishe bado. Google wana kikomo cha kushusha kwa IMAP, MB 2,500 kwa siku, na ukikipita wanaweza kukufungia kwa muda. Kwa mzigo wa GB 13, panga siku sita. Kila msimu ukishakamilika, itoe kompyuta mtandaoni, ufungue barua kumi za mwanzo, kumi za katikati na kumi za mwisho, pamoja na viambatisho vyake. Linganisha idadi ya barua kwenye folda ya ndani na ile ya Gmail. Kisha funga programu, nakili wasifu wote kwenye diski mbili, moja ibaki ofisini na nyingine kwa mweka hazina.

Diski ya pili ikishakabidhiwa na kusainiwa kwenye daftari la chama, ndipo ufute msimu huo kule Gmail na kumwaga kapu lake. Anza na msimu wa zamani kuliko yote.